Mawakala wa Pampu Tano

Sogeeni, wanangu, Hiske upande huu na Sjoerd ule, mnisikilize vizuri, maana pumzi niliyobakiza haitoshi kusema jambo mara mbili.

Miaka thelathini nimehudumia pampu tano za bonde hili lililo chini ya usawa wa bahari, na kila pampu niliitungia wakala wake, programu ya kuiendesha, ndani ya kompyuta. Maji yakipanda, mmoja hutangaza kazi, wenzake hutaja uwezo wao, na anayekabidhiwa hujibu: "Nimepokea." Akishindwa hutangaza, wala haachiliwi mpaka mwingine apokee. Sikubuni mimi. Kwa mababu zetu Wafrisia wa pwani ya Uholanzi, aliyeshindwa kutunza kipande chake cha tuta la kuzuia maji alilichomeka beleshi lake pale mbele ya watu, na aliyeling'oa alirithi shamba pamoja na tuta.

Sjoerd, ulipoleta mawakala wapya wa akili mnemba ulinicheka: "Baba, hawa wako ni mabubu wenye maneno sita!" Hiske akakurudishia: "Na wako wana midomo kama wauza jibini wa sokoni Leeuwarden." Nyote mlisema kweli. Wapya waliiona mvua kabla ya wangu, wakaelewa hata manung'uniko ya wakulima kwenye simu. Lakini Novemba ile ya mafuriko waliambiana kwa adabu, "Vizuri, nitaliangalia," kila mmoja akiamini mwenzake anasukuma maji. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Siku ile hapakuwa na nahodha hata mmoja. Ng'ombe wa jirani yetu Jelmer walisimama majini hadi matumboni, na ninyi hamjasemezana tangu hapo.

Sasa lililonilemea. Aliyewaondolea mawakala wapya sharti la kusema "Nimepokea" ni mimi. Niliwasikia wakizungumza kama watu, nikadhani mazungumzo ni makubaliano. Kisha nikanyamaza ukilaumiwa wewe, Sjoerd. Nisamehe.

Kwa hiyo nagawa hivi. Sjoerd, sheria zangu za kale ni zako, zilinde. Hiske, mawakala wapya ni wako, walee. Usinikunjie uso, binti yangu. Wafikiri na waseme watakavyo, ila kazi isihame mkono bila neno la kale, "Nimepokea." Na pampu isiwashwe bila ninyi wawili.

Niinueni kidogo... Mungu awape nyumba kavu, na watoto wanaosemezana. Hiyo ni mvua? Basi nani... nani kati yenu anakwenda pampu ya tatu?

Msinijibu mimi. Ambianeni.