Vibao Vinne na Shada la Gundel

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, benchi lililo mbele ya kituo cha Talhofen hujaa watu wale wale na kahawa ile ile, kutoka birika lile lile la bluu lililobonyea ubavuni. Birika ni la Gundel. Kabla yake lilikuwa la mumewe Alwin, aliyelipasha moto miaka kumi na mmoja juu ya mlango wa tanuri la injini aliyoiendesha. Na injini yenyewe ipo hapo hapo, hatua sita kutoka benchi, juu ya kipande cha reli kisichokwenda kokote: mwili mweusi, magurudumu mekundu, kutu kila mahali. Tangu Alwin afariki, miaka sita sasa, Gundel hajakosa Alhamisi hata moja. Huja, huigonga injini kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi, halafu humimina kahawa. Na kila akibisha, Ottmar hutazama chini.

Ottmar ndiye aliyekuwa akimtilia Alwin makaa. Benchini wanamwita Beleshi. Kulia kwake hukaa Wendelin, au Taa, aliyefunga na kufungua ishara za reli maisha yake yote. Kushoto hukaa Siegbert, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuendesha hata toroli lakini amesoma kila kitabu cha reli, basi wanamwita Profesa.

Siku hiyo walikuwa wakimsubiri mtu wa manispaa. Fedha za paa na rangi ya injini zilikuwa zimepatikana, sharti moja tu: kiwekwe kibao chenye maelezo ya kweli.

— Waandike kwanza mvuke mkavu, alisema Profesa. Hiyo ndiyo siri ya aina hii. Mwaka 1906 wahandisi wengine wanashindana kuongeza silinda, aliyeichora hii, mhandisi wa Berlin, akasema mbili zinatosha. Mvuke aliurudisha kwenye mabomba ndani ya moto, ukatoka mkavu, mkali, makaa kidogo na maji kidogo.

— Makaa kidogo? Ottmar akamwonyesha viganja. Hebu njoo uulize huu mgongo!

— Wewe Beleshi ulikuwa unayamwaga njiani. Siri ni magurudumu, bwana, akaingilia Taa. Mita moja na robo tatu. Unajua kwa nini? Mhandisi alimsimamisha mke wake ukutani, akampima, akasema gurudumu lisizidi kimo cha bibi.

— Acha kutupiga kamba, Taa, akasema Ottmar.

— Nimeambiwa na mtu aliyemjua binamu yake!

— Ukweli ni huu, akasema Profesa. Ilitengenezwa iwe ya kukimbia, hata kibanda cha dereva kikapewa pua ya kukata upepo. Ikifika mwendo mkali inatikisika, meno yanagongana. Pua ikaondolewa, ikapewa magarimoshi ya kawaida, ya watu wa vituo vidogo. Hapo ndipo ikapendwa. Zikajengwa karibu elfu nne!

— Ilitikisika kweli, akasema Gundel, akigawa mkate wa kusuka. Alwin alikuwa akirudi nyumbani mkono bado unatetemeka, supu inaishia mezani. Nikamwambia, wewe na hiyo injini yako mmeoana, mimi ni jirani tu.

Wakacheka. Ottmar alicheka kidogo kuliko wenzake.

Mtu wa manispaa akaja: binti mrefu, koti la njano, tochi mkononi, daftari kwapani. Jina lake Mareike. Aliwapa wote mkono, akakataa mkate mara mbili, akaukubali mara ya tatu, kisha akaingia chini ya injini hadi zikabaki buti tu. Ottmar alijua unakoelekea ule mwanga wa tochi. Akainua kikombe chake kitupu, akajifanya anakunywa.

— Wazee wangu, Mareike akaita kutoka kule chini. Kibao cha namba kinasema ishirini na nne kumi na saba. Mbona kwenye hii fimbo ya magurudumu pamepigwa muhuri ishirini na nne sabini na moja?

Benchi likapata kazi.

— Mpiga muhuri alikuwa amelewa, akasema Taa papo hapo. Alikuwa ananuka pombe ya matofaa yule, siku nzima.

— Hapana, karakanani walibadilishana vipuri, akasema Profesa. Mchoro mmoja, vipimo vimoja. Fimbo ya hii inaingia kwenye ile bila kupigwa tupa. Ndio ulikuwa uzuri wake.

Huo ulikuwa mlango, na Ottmar aliuona uko wazi. Angeitikia kwa kichwa tu, yangekwisha.

— Kwenye fimbo zote? akauliza Mareike, akitoka na mafuta shavuni. Nimehesabu sehemu tisa. Zote sabini na moja.

— Basi ni Wafaransa, akasema Taa. Baada ya vita ile ya kwanza walichukua mamia ya injini zetu. Wakairudisha isiyo yenyewe, makusudi, watuchanganye.

— Taa, hii haijawahi kutoka bonde hili! akasema Profesa.

— Ndiyo wanavyotaka uamini!

Gundel hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akimtazama Ottmar, na kikombe cha Ottmar.

— Shemeji, akasema taratibu. Una nini?

Ottmar aliogopa. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa ameogopa swali hilo, na zaidi miaka sita hii ya mwisho, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku pekee aliyokuwa nayo katika juma. Gundel akichukua birika lake akaenda, benchi litabaki mbao tu.

— Si yake, akasema.

— Nini si yake?

— Hii si injini ya Alwin. Ya Alwin ilipasuka mabomba Jumatatu ya juma lile la safari ya mwisho ya mvuke. Wakaivuta kando, baadaye wakaikata. Iliyovuta garimoshi la mwisho ni hii, pacha wake. Vibao vinne vya namba nilivifungua mimi Alhamisi alfajiri, nikavihamishia hapa.

Taa na Profesa wakaigeukia injini.

— Nimekuwa nikibisha hodi kwenye mlango wa watu, akasema Gundel. Alwin alijua?

— Shemeji, Alwin ndiye aliyenishikia spana.

— Kwa nini?

— Ulikuwa umeshasuka shada la kuipamba siku hiyo.

Gundel akakaa. Alilikumbuka: matawi ya msonobari, upana wa mikono miwili, na katikati namba ya injini kwa maua mekundu ya karatasi. Siku tatu alikata maua yale mezani jikoni.

— Alwin aliniambia: Gundel ameumiza vidole vyake siku tatu, Ottmar, mimi siwezi kuingia jikoni nikamwambia injini imekufa. Akaniapisha.

— Kwa hiyo mkabadilisha injini ifanane na maua.

— Ndiyo.

— Na hii, namba yake ya kweli ni ngapi?

— Ishirini na nne sabini na moja.

Gundel akainua kidole, akaandika hewani tarakimu moja, kisha nyingine. Akaanza kutikisika mabega. Ottmar akadhani analia, akainuka nusu. Kumbe ni kicheko, halafu kweli machozi, vyote pamoja.

— Wajinga nyinyi! Yale maua niliyafunga kwa waya! Ningeng'oa saba huku na moja kule nikazibadilishia nafasi! Hata yai lisingewahi kuiva! Wanaume wazima wawili, baridi ile, vibao vinne... Alwin wangu, jamani! Angeniuliza tu!

Akainuka, akaenda kwenye injini, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Safari hii aligonga mara mbili. Ottmar alijikuta analia waziwazi, na hakuona haya.

Mareike alisubiri kwa adabu, kalamu juu ya daftari.

— Mama, wazee wangu, akasema mwishowe. Sasa kwenye kibao kipya niandike namba gani?

Profesa akasema sabini na moja. Taa akasema kumi na saba. Gundel akarudi benchini, akainamisha birika la bluu juu ya kikombe cha Ottmar, akangoja, kumbe kahawa ilikuwa imekwisha.

— Alhamisi ijayo nitaleta zaidi, shemeji, akasema.