Kopo la Chumvi la Mama Neema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninyi kaeni. Mimi nitasimama, maana huku kusimama ndiko ushuhuda wenyewe.

Mnajua mimi si msemaji. Shule yangu iliishia darasa la saba. Wa kusema nyumbani alikuwa marehemu mke wangu, Mama Neema. Kila jioni, nikishakaa tu na redio yangu, aliita kutoka jikoni: "Baba Neema, lete chumvi!" Nikileta: "Haya, irudishe ndani, kuku wataimwaga." Nikikaa: "Kuni!" Nikikaa tena: "Hebu kamwangalie mbuzi." Nilinung'unika, ndugu zangu. Nilisema moyoni, mwanamke huyu hataki kiti changu kipate joto.

Alipofariki, kiti kikapata joto. Majirani wa hapa kijijini Kumsenga walinihurumia: ugali uliletwa, maharage yaliletwa, hata maji ya kunawa yalinifuata nilipo. Nitasema ukweli, niko mbele za Mungu. Miezi ya kwanza nilikaa kwa huzuni. Iliyofuata nilikaa kwa sababu maharage yalikuwa matamu.

Siku ya kuweka msalaba, binti yangu Neema alikuja kutoka Kasulu. Kaburi liko juu mlimani. Nilipanda hatua chache, magoti yakagoma. Wakanipakia kwenye baiskeli ya kubebea ndizi, wakanisukuma. Kule juu nikapiga magoti kuomba. Ndugu zangu, "Amina" ikafika, na mimi siinuki! Watu wakadhani bado naomba, wakafumba macho tena. Mara tatu! Mwishowe shemeji yangu, Mama Shukuru, akanishika kwapani na kuninyanyua kama gunia la mihogo. "Shemeji, unataka tukuzike hapahapa?" Watu walicheka kwenye kaburi la mke wangu. Nililia, na safari hii si kwa msiba. Nikaahidi: nitarudi hapa kwa miguu yangu, nipige magoti, niinuke mwenyewe.

Neema akanipeleka zahanati. Muuguzi aliyabonyeza magoti akasema, "Mzee, haya hayaumwi. Yako likizo." Akaniambia nisikimbie, nisinunue chochote. Nikikaa na redio, kila likija tangazo niinuke kitini mara kadhaa bila kushika kitu, nitembee kidogo, kisha nikae tena.

Nilijaribu siku mbili, nikachoka kuinuka bila sababu. Ndipo Mungu akanikumbusha chumvi! Tangazo la sabuni likianza, nainuka: "Nakuja, Mama Neema!" Napeleka kopo la chumvi jikoni. Nakaa. Tangazo la mbegu, nalirudisha kopo ndani. Tangazo la mabati, naenda kumwangalia mbuzi, ambaye naye alianza kunishangaa.

Mama Shukuru, akipita uani, akanisikia. Akaleta wazee wawili wa kanisa: shemeji anaongea na wafu, tena anawapelekea chumvi!

"Baba Neema," mzee mmoja akaniuliza kwa ukali, "unamwita nani?"

Nikamwambia ukweli. "Namwita aliyekuwa akiniinua. Mimi najua hayupo. Magoti ndiyo hayajui."

Tangazo likaja. Nikasema, "Samahani, wazee wangu," nikabeba kopo langu. Niliporudi, mzee wa pili, ambaye ni mnene kuliko mimi, alikuwa akijaribu kuinuka kitini bila kushika. Tulimsaidia.

Wiki iliyopita mwaka ulitimia tangu Mama Neema afariki. Nilipanda mlima kwa miguu yangu, nikapumzika mara mbili. Sitadanganya kanisani: mara nne. Nikapiga magoti, nikaomba. Mama Shukuru alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, tayari kuninyanyua. Nikasema "Amina", nikainuka! Sikushikwa na mtu! Haleluya!

Namshukuru Mungu aliyenitoa kitini kwa kopo la chumvi. Mtumainini, ndugu zangu. Hata kitu kidogo cha jikoni kwako anaweza kukitumia. Na wewe ambaye leo jioni utaitwa ukiwa umeshakaa, usinune kama nilivyonuna mimi. Inuka upesi, useme "Nakuja," maadamu aliyekuita yupo akusikie.