Mzee Pyo Gwang-seop na Wimbo wa Viatu

Ndugu waombolezaji, karatasi hii mmeikuta imechomekwa ndani ya ratiba kwa sababu ratiba ilikwenda kwa mpiga chapa kabla familia haijaisoma. Imeandikwa na Bi. Pyo Mal-hui, mdogo wake marehemu wa kike, ambaye pia ndiye anayeisoma. Anaomba asikilizwe hadi mwisho, na wenye vitambaa vya machozi wavishike kwanza.

Marehemu Mzee Pyo Gwang-seop, mwimbaji wa opera, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 huko Sangju, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa Mzee Pyo Du-man na Bi. Yeo Sun-bun. Ulikuwa msimu wa kumenya na kuanika matunda ya persimoni. Mama yake alisimulia hadi uzeeni kwamba uchungu ulimshika kisu cha kumenyea kikiwa mkononi, na kwamba mtoto alipolia mara ya kwanza jirani alitoka nje kuangalia ng'ombe wa nani amefungua kamba. Huenda mama alitia chumvi, lakini waliomjua Gwang-seop hawakuwahi kumbishia.

Alisoma shule ya msingi na ya kati palepale Sangju, kisha akahamia Daegu kwa shangazi yake na kumaliza sekondari mwaka 1970. Baba yake alitaka awe mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa kwaya ya kanisa alisafiri hadi nyumbani kumwombea kijana ruhusa ya kusomea muziki. Akamwambia baba, "Mzee, huyu mtoto ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni." Baba akajibu bila kuacha kumenya persimoni, "Nyoka hapa tunao wa kutosha. Hana sauti ya kuwarudisha?" Hata hivyo ruhusa ilitoka. Gwang-seop alihitimu shahada ya muziki mjini Daegu mwaka 1978, baada ya kutumikia jeshi katikati ya masomo, na kuanzia 1981 hadi 1985 aliongeza ujuzi Bologna, Italia. Alirudi na sauti nzito ya besi iliyokomaa, na tabia, ambayo mkewe hakuizoea kamwe, ya kula tambi kwa kimchi, ile kabichi ya kuchachua yenye pilipili.

Alifunga ndoa na Bi. Ok Gyeong-ran, mwalimu wa piano, tarehe 12 Oktoba 1980. Walijaliwa watoto wawili: Da-hye, aliyezaliwa 1984 wakiwa Bologna, na In-gyu, aliyezaliwa 1987. Ilikuwa ndoa ya kutaniana. Gyeong-ran ndiye aliyempigia piano kwenye mazoezi, na alipokosea noti hakuambiwa neno, alisogezewa tu sahani ya machungwa yaliyomenywa ili apumzike.

Kazi ya marehemu ilikuwa opera, na ndani ya opera alipenda wazee: wafalme waliochoka, makuhani, mababa wakali. Ndio watu wa sauti ya besi. Kuanzia 1985 alikuwa mwimbaji wa kundi moja la opera la Daegu, na aliheshimiwa kwa kiasi, kama wanavyoheshimiwa watu wanaofanya jambo gumu ambalo wachache wanalielewa. Hayo ndiyo maisha aliyoyataka. Kwa miaka sita aliyapata.

Tarehe 8 Mei 1991, Siku ya Wazazi, okestra ya mjini iliandaa tamasha la kuwaenzi wazazi. Mwigizaji kutoka Seoul aliyepangiwa kuimba "Viatu Mlangoni", wimbo wa baba katika mchezo wa kuimba uliokuwa ukivuma mwaka ule, alipatwa na homa. Kiongozi wa okestra akamwomba Gwang-seop amwokoe. Ni wimbo mwepesi. Baba anahesabu viatu mlangoni kwake, jozi zinapungua kadiri watoto wanavyoondoka, mwisho zinabaki zake peke yake. Gwang-seop alijifunza mchana, jioni akauimba amesimama wima, maua mekundu ambayo watoto huwabandika wazazi siku hiyo yakiwa kifuani, kwa ile sauti aliyozoea kuzikia wafalme.

Waliokuwepo wanajua kilichotokea. Kwanza hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa safu ya pili aliweka paji la uso kwenye kiti cha mbele yake na hakuinuka. Mpiga ngoma wa okestra aligeukia ukuta. Wanaume waliokuja kwa kusukumwa na wake zao walipenga kamasi kama watoto. Baada ya pazia, mkulima wa matufaha kutoka Cheongsong alipenya hadi nyuma ya jukwaa, akamshika Gwang-seop mikono yote miwili, akafungua kinywa kusema habari za mwanawe, akashindwa. Alisimama tu pale amemshika, mpaka jamaa zake wakaja kumchukua.

Njiani kurudi nyumbani Gwang-seop alisema, "Mama Da-hye, wamelia."

"Nimeona. Hata mimi nimelia. Si vizuri?"

"Wiki iliyopita nilikufa jukwaani kwa Kiitaliano, kifo kirefu, cha kishujaa. Hakuna aliyelia. Mmoja alikohoa."

"Basi kufa kwa Kikorea, Baba Da-hye."

Walicheka. Walikuwa bado hawajajua.

Tamasha lile lilirushwa kwenye televisheni, na kabla ya mavuno kuanza kila mtu alikuwa amelia. Sote tunajua mambo ya ule tunaouita "wimbo wa kumi na nane" wa mtu: ni ule ambao mtu ataombwa kila watu wakikaa mezani, na akianza mwingine ataambiwa sio huo. Mwenyewe hauchagui, watu wanamchagulia. Mwenzetu alichaguliwa wake na nchi nzima. Aliombwa kwa kinyozi, aliombwa sokoni Chilseong, aliombwa kwenye arusi za watu asiowajua. Muuza samaki alimfungia samaki wa bure na kumwambia kwa heshima, "Mwalimu, mistari miwili tu, mama yangu yuko nyuma hapa." Na ole wake aimbe: mama atalia, binti atalia, wateja watalia, na samaki hawatakatwa tena siku hiyo.

Tatizo halikuwa kuombwa. Tatizo lilikuwa machozi. Ombi mtu anaweza kulikataa. Lakini mtu akikueleza, macho yamemjaa, kwamba alisikia wimbo wako akampigia simu baba yake aliyemnunia miaka mingi, utamwambia nini? Kwamba umeuchoka? Gwang-seop alijaribu kuukataa mara moja, mjini Pohang, mwaka 2003. Watu walikaa vitini wasiondoke. Kisha mwanamke mmoja akasukuma kiti cha magurudumu hadi chini ya jukwaa na kusema kwa upole, "Mwalimu, mama hana mwaka mwingine." Gwang-seop akaimba. Nani asingeimba?

Hata opera hazikumkinga. Novemba 1998 alipata nafasi aliyoingoja tangu Bologna, ya kuhani kipofu. Aliifanyia kazi mwaka mzima, hadi nyumbani akawa anatembea macho yamefumbwa na kuvunja vikombe. Usiku wa kwanza aliimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba. Pazia liliposhuka, ukumbi ulisimama, na sauti zikaanza juu kwenye viti vya bei nafuu: "Viatu! Viatu!" Alimgeukia kiongozi wa okestra amwokoe. Yule bwana akainamisha kichwa, na wapiga vinanda wakafungua karatasi za noti zilizokuwa zimeshapangwa mbele yao tangu jioni. Walijua. Basi kuhani kipofu, ndevu hadi kiunoni, akahesabu viatu vya watoto, na watu wakalia. Gazeti la kesho yake halikuwa na neno hata moja juu ya kuhani.

Mdogo wake alimuuliza siku moja anafikiria nini anapouimba. Alijibu, "Nafikiria kama nimefunga gesi nyumbani. Naona wanalia, najua ni machozi ya kweli, na mimi nawaza gesi. Mal-hui, mimi ni bomba tu. Wanafungua, maji yanatoka, hakuna anayeliuliza bomba kama lina kiu."

Watoto wake nao walikuwa na lao. Siku ya Wazazi ilipofika, kila mwaka, baba yao alikuwa mji mwingine. Da-hye aliwahi kumwambia mezani, "Leo tena unakwenda kuwaliza baba za watu. Sisi maua tumbandike nani, jokofu?" Walilibandika jokofu kweli. Gwang-seop alicheka hadi akaacha kula, kisha akavaa koti akaenda, kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshajaa.

Alistaafu mwaka 2016. Kuombwa hakukustaafu.

Asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 2021 alipatwa na kiharusi akipiga mswaki. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakaondoka yote. Alielewa kila kitu. Alijua anataka maji, alijua maji ni nini, ila neno halikuja. Wiki ya tatu hospitalini, mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mgonjwa wa kitanda cha jirani alimtambua, akamsogelea na kuimba polepole mwanzo wa wimbo ule. Gwang-seop akafungua kinywa, na wimbo ukatoka mzima, neno kwa neno, hadi mwisho. Wodi ikaangua kilio. Wauguzi walikumbatiana. Familia pia ilishangilia, hilo lisemwe wazi. Daktari alieleza kwamba maneno ya kuimba hukaa upande mwingine wa ubongo na aghalabu husalimika.

Yakasalimika hayo tu. Wafalme wote walikwenda, makuhani wote, Kiitaliano chote, na jina la mkewe. Akitaka maji, viatu. Akisikia maumivu, viatu. Alikuwa akianza mstari wa kwanza huku anapiga godoro kwa mkono mzima, machozi yanamtoka, na watu wanaomzunguka wanalia naye kwa furaha. Yeye alikuwa akilia kwa hasira. Gyeong-ran peke yake ndiye aliyeliona hilo mapema, akawatoa wote nje akafunga mlango.

Mtaalamu wa kurudisha usemi ndiye aliyesema kwamba mahadhi ya wimbo huenda yakabeba maneno mengine. Gyeong-ran alikaa kitandani kila siku, akigonga mapigo kwenye kiganja cha mumewe, akivua maneno ya wimbo na kuingiza ya nyumbani. Ilichukua majira yote ya baridi. Sentensi ya kwanza ambayo Gwang-seop aliipata, kwa sauti yote ya besi na kwa mahadhi yaleyale ya kuliza watu, ilikuwa "Zima redio." Mkewe alicheka akalia, akaizima.

Basi akaishi hivyo karibu miaka miwili, nyumbani Suseong, Daegu. Alichoweza kusema, alikisema ndani ya wimbo huo. Wajukuu waliona ni kawaida: "Bibi, babu anaimba anataka kimchi!" Wageni ndio hawakuzoea. Bi. Maeng Suk-ja, mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa sauti yake, aliwahi kusimama nje ya mlango akilia kwa kwikwi, kumbe mwenzake ndani anaomba akunwe mgongo.

Januari mwaka huu, Bi. Maeng alikuja kumtazama pamoja na Mzee Chu Byeong-tak wa kwaya ya kanisa. Gwang-seop alijua wangekuja, na alikuwa na neno. Alikuwa amelifanyia mazoezi na mkewe wiki mbili, kwa bidii aliyompa yule kuhani kipofu wa jukwaani. Walipoketi akawaimbia: "Siku nikifa, msiuimbe huu."

Mzee Chu alikuwa ameshafumba macho. "Amina, Mwalimu," akasema. "Tutauimba. Kwaya nzima."

Gwang-seop akarudia polepole, neno moja moja.

"Sauti ni ileile," Bi. Maeng akasema kwenye kitambaa. "Jamani, ileile!"

Mal-hui, aliyekuwa amekaa pembeni, akashindwa kuvumilia. "Mzee Chu, hebu sikiliza anachosema!"

"Nasikia, dada yangu. Nasikia hadi mifupani."

Gwang-seop aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akajigeuza, taabu kubwa kwa mtu wa hali yake, akaelekea ukuta. Hakuimba tena mbele ya wageni.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 16 Februari 2024. Alifariki dunia tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Katika ratiba mliyo nayo, baada ya sala, pamechapishwa: "Kwaya: Viatu Mlangoni, wimbo aliopenda marehemu." Mzee Chu na wenzake waliuandika kwa upendo, na hakuna anayewalaumu. Lakini hakuupenda, na wimbo huo hautaimbwa leo. Ndilo neno lake la mwisho kwenu. Alilisema mara mbili kwa sauti mliyoipenda, na halikusikika.

Marehemu ameacha mke, Bi. Ok Gyeong-ran, binti, Da-hye, na mumewe Tak Seong-u, mwana, In-gyu, na mkewe Ma Yun-ji, wajukuu watatu, na mdogo wake, Mal-hui. Atazikwa mchana huu Sangju, kando ya wazazi wake.

Anayetaka kulia na alie. Gwang-seop hakuwahi kumzuia mtu. Ila miaka thelathini na zaidi mlilia mbele yake kila mtu na wake, baba yake, mwanawe, nyumba yake. Leo, kwa mara moja, mlilieni yeye.

Apumzike sasa, na asiombwe tena.