Mama Lebo na Meza ya Pembeni

Ijumaa tarehe 31 ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa Chumba cha Utakasaji atavua aproni yake ya plastiki na kuitundika msumarini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia hospitali hii miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja ni yeye mwenyewe aliyesisitiza ziandikwe. Sisi tunaobaki tumeanza kumkosa angali yupo, na huo ni usumbufu mkubwa kazini, maana unamkuta mtu mzima amesimama na trei mkononi, anamwangalia mwenzake akikunja vitambaa kana kwamba basi limeshapiga honi.

Kwa wale wa vitengo vingine, ambao hutupita mkielekea kantini: chumba chetu hupokea mikasi, koleo na vibano kutoka vyumba vya upasuaji, kikaviosha, kikavipanga kwenye trei, kikavipitisha kwenye mashine ya mvuke na kuvirudisha vikiwa salama. Tukifanya vizuri, hakuna anayetukumbuka. Tukikosea, tunajiwa mbio na mtu aliyetumwa na daktari ambaye ameshavaa glavu.

Aliajiriwa kama muoshaji. Miaka sita alisimama kwenye sinki, na muda wa chai alisoma vitabu ambavyo wauguzi wanafunzi walivisahau madirishani. Alipopanda kuwa mpangaji, kisha msimamizi, kisha mkuu, hakuna aliyeshangaa isipokuwa waliokuwa wakivitafuta vile vitabu.

Jina la Mama Lebo alilipata kwa haki. Chumbani mwetu kila droo ina lebo, kila swichi ina lebo, na birika la chai lina mbili. Saa ya ukutani imeandikwa: "Iko mbele dakika tatu. Msiirekebishe, tumeizoea." Kuna kiti ambacho kwa miaka mitano kilibandikwa neno "Kibovu". Katika muda huo hakuna aliyeanguka, na hakuna aliyekitengeneza.

Hata hivyo, mtu hakoswi kwa sababu ya lebo. Kinachotufanya tushindwe kuizoea habari ya kuondoka kwake kilianza miaka kumi na moja iliyopita, alipoletwa mpangaji mpya wa trei. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyekwisha kuachishwa kazi mbili. Cheti chake cha daktari kilitaja usonji. Korido yetu, ambayo haijasomea udaktari, ilitaja kiburi.

Mnatujua. Asubuhi hatugusi kazi mpaka tumeulizana za nyumbani, za usiku, za watoto na za mgongo, na mkono ukishikwa hauachiwi mpaka utoe jasho. Mgeni alipita katikati yetu bila neno, akaenda mezani, akaanza kupanga. Siku ya tatu mhudumu wa toroli uzalendo ukamshinda. "Jamani, huyu dada anatuona, au sisi ni mapazia?"

Mama Lebo akafanya jambo ambalo kwa waajiri wawili waliotangulia halikumjia mtu akilini. Alimuuliza mwenyewe. Alimuuliza kwa maandishi, kwa sababu alishaona kwamba dada yule akiulizwa uso kwa uso maneno humkwama. Karatasi ilikuwa na maswali mawili: nini kinaifanya kazi yako iwe ngumu, na nini kingeirahisisha. Kesho yake ilirudi imejaa pande zote mbili. Kengele ya mlango inaniingia kichwani kama sindano. Mtu akisimama nyuma yangu, mikono inasahau. Nikipewa maagizo mawili kwa pamoja, yanapotea yote. Kushikana mikono kunanichosha kuliko kazi. Nikiambiwa "baadaye", sijui ni saa ngapi.

Ndivyo ilivyozaliwa meza ya pembeni, ukutani, mbali na kengele. Kazi za siku zikawa zinaandikwa kwa mpangilio kabla zamu haijaanza. Viziba masikio vikanunuliwa. Salamu ikawa mkono mmoja unaopungwa kutoka mlangoni, na ukipungiwa nawe umesalimiwa, usidai zaidi. "Baadaye" ikapigwa marufuku, ikabidi kila mtu ataje saa. Ilituchukua mwezi kugundua kwamba wengi wetu tuliposema neno hilo hatukuwahi kumaanisha saa yoyote. Yule dada, ambaye kwa sasa hospitali nzima inamwita Dada Trei, akaanza kupanga kwa kasi ambayo sisi wengine tulilazimika kuisifia, kwa kuwa kuifikia ilishindikana.

Wiki chache baadaye mhudumu wa toroli, yule wa mapazia, alimfuata Mama Lebo akiwa peke yake. "Mama, na mimi naweza kupewa ile karatasi?" Kumbe miaka tisa herufi zilikuwa zinamchezea machoni, na milango alikuwa akiikariri. Mama Lebo akakipa kila chumba cha upasuaji rangi yake ya utepe. Tangu hapo vifaa vya macho havijapelekwa tena kwa watu wa mifupa, na yeye ameacha kuja kazini saa moja kabla ya wenzake ili akajikumbushe njia.

Katika mwaka wa nne Mama Lebo alichukua likizo akamuuguze mama yake. Kaimu wake, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, pengine kama adhabu, aliamua kuleta maendeleo. Aliivuta meza ya pembeni mpaka katikati ya chumba "ili tuwe familia moja". Maagizo yakawa ya mdomo, kwa sababu kuandika kunachelewesha. Ndani ya siku nne trei tatu zilirudishwa kutoka vyumba vya upasuaji. Siku ya tano Dada Trei alikutwa ndani ya stoo ya mashuka, ameketi sakafuni, viganja masikioni, na hakutoka mpaka zamu ilipokwisha. Afisa utumishi akaandaa barua fupi sana. Ilisema mtumishi huyu hamudu kazi.

Mama Lebo alifika akiwa bado na begi la safari begani. Tulitarajia abembeleze, na afisa utumishi alishatayarisha uso wa kukataa. Badala yake aliomba jambo dogo: kabla barua haijasainiwa, afisa utumishi na kaimu kila mmoja apange trei moja kwenye meza ile ile, kengele ikilia, maagizo yakitolewa kwa mdomo, na yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma yao anawapumulia shingoni. Afisa utumishi alifika kibano cha tisa akaomba maji. Kaimu alimaliza, akajipongeza, kisha trei yake ya upasuaji wa jicho ikakutwa na koleo la kung'olea meno. Barua ilichanwa. Meza ikarudi pembeni jioni hiyo hiyo, kaimu akiwa ameshika upande mzito. Katika miaka saba iliyofuata, hakuna trei ya Dada Trei iliyorudishwa.

Januari mwaka huu lilibandikwa tangazo kwamba mkuu mpya atatoka kitengo kingine. Dada Trei alilisoma mara mbili, akaenda hadi mezani kwa Mama Lebo. "Mama, huyo mtu akisema meza ihamishwe, nitasema nini? Siku zote unasema wewe." Sote tuliokuwa karibu tulifungua vinywa kumwambia asijali. Mama Lebo halitumii neno hilo. Alifikiri kidogo. "Atasema nini, mwanangu, sijui. Utakachosema wewe, hicho tunaweza kukitafuta."

Wakaanza mazoezi. Kila siku saa nne asubuhi Mama Lebo alitoka nje na kurudi akiwa mkuu mpya mkorofi, kazi aliyoifanya kwa kipaji cha kutia wasiwasi. "Nani kaweka meza huku? Hapa ni hospitali au maficho?" Dada Trei alijibu akisoma karatasi, mwanzoni kwa sauti ya kusikiwa na aliye karibu tu. Mhudumu wa toroli aliomba naye apewe zamu ya ukorofi, akanyimwa kwa kosa la kucheka kabla hajaingia.

Tuseme ukweli, kwa kuwa mwenyewe atausoma wasifu huu. Sisi wengine tulikuwa tunaomba mazoezi yale yashindikane. Dada Trei akikwama, tungekwenda kwa mkurugenzi kuomba Mama Lebo aongezewe mkataba wa mwaka mmoja. Ombi lilikuwa limeshaandikwa na lilikuwa na sahihi kumi na nne. Lilimzungumzia Dada Trei, ila aliyekuwa hajui kuishi bila Mama Lebo alikuwa kila mmoja wa wale kumi na wanne.

Jumanne iliyopita mkuu mpya alikuja kutembezwa. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye daftari. Alisalimia, akasifu usafi, akaangalia huku na huku, kisha akasema, kwa nia njema kabisa, "Mbona huyu dada mmemtenga? Meza isogezwe hapa katikati, tuonane." Kaimu wa zamani alisikia masikio yanawaka. Macho yote yakamgeukia Mama Lebo. Alikuwa anakunja kitambaa. Alipomaliza alikikunjua, akaanza upya.

Dada Trei akavua viziba masikio. Karatasi ilibaki mfukoni. Akiwa anaitazama mashine ya mvuke, alisema: "Meza haihami. Hapo katikati kengele inalia juu ya kichwa changu na watu wanapita nyuma yangu. Hapa napanga trei arobaini kwa zamu bila kosa. Ukitaka kubadilisha kitu, niandikie siku moja kabla."

Mkuu mpya alifungua daftari. "Siku moja kabla. Sawa, dada. Niandike kwa mkono au nipige chapa?"

"Chapa. Mwandiko wa watu siuamini."

Mama Lebo aliweka kitambaa chini, akaenda kwenye sinki, akafungua bomba. Hapakuwa na chombo cha kuosha. Maji yakatiririka kwa muda mrefu, na sisi tukamwacha. Mchana ule mhudumu wa toroli alilichukua lile ombi la sahihi kumi na nne, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni mwake.

Mama, asante kwa karatasi yenye maswali mawili, na kwa kusubiri majibu. Nenda ukaupumzishe mgongo. Wajukuu wakuchoshe kwa kiasi, usingizi wa asubuhi uufaidi, na afya isikupe sababu ya kurudi huku kama mgonjwa. Kazi itaendelea vizuri bila wewe. Ulihakikisha hivyo, na ndilo jambo pekee tunaloshindwa kukusamehe.