Mama Pindo na Ufa wa Nyuma ya Cherehani

Ndugu, jamaa, majirani na wapangaji, kabla sijasoma naomba tena, kwa niaba ya familia, tubaki humu uwanjani mwa shule, mtu asiende nyumbani kwa marehemu hata kama ni kufuata kiti, na wazazi washikeni watoto mikono.

Dada yetu mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba ile mnayoiona imeinama, wakati huo ikiwa ya chini, yenye vyumba vitatu na ua mpana, iliyojengwa na baba yetu, fundi mwashi, kwa mikono yake. Alisoma shule hii hii kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akajifunza ushonaji, akaajiriwa katika kiwanda cha sare za shule mpaka kilipofungwa mwaka 1994, ndipo akaleta cherehani nyumbani, akawa hamwachi mtu apite na pindo lililofumuka, awe mkubwa au mdogo, na jina likamganda.

Tarehe 17 Juni 1981 alifunga ndoa na dereva wa lori, shemeji yetu wa utani mwingi, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa binti mmoja, muuguzi, aliyekaa hapa mbele.

Mwaka 2015 manispaa ilibadili kodi ya majengo ili mji ukue kwenda juu badala ya kutapakaa, mwenye nyumba ya chini karibu na katikati ya mji akapandishiwa, na mwenye kujenga ghorofa nne zenye wapangaji akapewa punguzo la miaka kumi. Mpango haukuwa mbaya, wengi wenu umewapa pa kulala, lakini dada, kwa hofu ya kupoteza nyumba ya baba, alimwamini mkandarasi aliyemhakikishia kwamba msingi wa zamani utabeba, wakajenga mbiombio kabla maombi ya punguzo hayajafungwa, na Agosti 2017 familia tisa zikahamia juu ya kichwa chake.

Tangu hapo hakulala usingizi wa kushiba. Ufa ulijitokeza nyuma ya cherehani, mwembamba kama uzi, mkandarasi akaja akaupaka plasta na rangi, akaenda zake, nao ukarudi. Dada akabandika juu yake ukanda wa karatasi, kama alivyomwona baba akifanya, kwa kuwa ukuta ukisogea karatasi huchanika, na kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, aliipapasa kwa kidole. Alitaka kuwahamisha wapangaji, akaogopa, maana ghorofa zikibaki tupu punguzo hufutwa na kodi yote ya nyuma hudaiwa, akamwambia binti yake kwamba anaogopa nyumba kuanguka na anaogopa nyumba kuchukuliwa, na hajui aamke na hofu ipi. Presha ikampanda, akalazwa Mei 2022, akalazwa tena Januari mwaka huu, akaomba kutoka mapema kwa sababu hakuna wa kumwangalizia karatasi.

Jumanne tarehe 4 Februari 2025, asubuhi, aliikuta imechanika katikati. Hakunawa, hakuvaa viatu, akapanda ngazi na moyo ule ule ambao daktari aliukataza hata ndoo ya maji, akigonga mlango mmoja mmoja, akirudia neno moja, "Tokeni, wanangu, vyombo viacheni." Wa mwisho, kinyozi wa ghorofa ya juu, alidhani mama wa watu amechanganyikiwa, akamfuata ili amtulize, na dada alipoanguka kwenye ngazi ni yeye aliyembeba mgongoni hadi nje, naye dada akafariki njiani kwenda hospitali. Mchana ule nguzo ya nyuma ilipasuka.

Nyumba itabomolewa kuanzia kesho, kodi tutajua baadaye, na sisi bado tunaogopa, kila mlango ukibamizwa tunashtuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliowalaza wapangaji, na wenzake wa kiwandani waliomshonea gauni la mwisho, wakalikunja pindo mara mbili, wakijua angelikagua.

Mama Pindo, wapangaji wako tumewahesabu, wote wako nje. Pumzika kwa amani.