Chumba Kinachotazama Bahari

Ukitaka ushauri mbaya hapa Nagpur, usihangaike kutafuta wakili, utakufilisi bure. Njoo benchi la Gaju, mkabala na benki, saa mbili asubuhi kabla jua halijaanza kuchoma watu. Gaju anachemsha chai ya tangawizi, sisi tunachemsha maneno. Mie nina duka la fotokopi hatua nne kutoka hapo. Profesa alikata tikiti za treni miaka thelathini, kwa hiyo anajua safari zote, ingawa yeye mwenyewe hajavuka hata mto. Kamisheni anauza bima, na ukimpa salamu anakuandikia fomu. Halafu yuko Vilas, tuliyembatiza Bwana Pointi. Anazunguka mji kwa mji na begi la dawa za kuwaonyesha madaktari, na kila aendako analala hoteli za kampuni moja tu, maana kila usiku anaandikiwa pointi, na pointi zikitosha analala bure hata Mumbai. Mkewe, Sushama, amezaliwa hapahapa katikati ya India, ambako bahari iko mbali upande wowote utakaogeukia. Hajawahi kuiona. Sasa presha ya macho imeshazima jicho lake la kulia, na daktari amesema hilo la kushoto lisipewe ahadi ndefu. Asubuhi hiyo Vilas alifika na simu mkononi, ukurasa wa hoteli yao ya Mumbai, kando ya bahari, uko wazi.

BWANA POINTI: Jamani, leo nakata shauri. Nina pointi elfu arobaini na sita. Chumba cha nyuma, siku mbili, elfu arobaini na tano. Cha mbele, kinachotazama bahari, elfu sitini.

KAMISHENI: Hicho cha nyuma kinatazama nini?

BWANA POINTI: Ukuta. Wanapoegesha magari.

KAMISHENI: Loh! Miaka kumi na moja ulale ugenini, halafu ukapige picha na ukuta? Shemeji atakuonaje?

PROFESA: Kwa jicho moja.

Hakucheka mtu. Profesa mwenyewe akainamia glasi yake.

GAJU: Lakini bwana, mbona mwanzo chumba cha mbele kilikuwa elfu thelathini?

BWANA POINTI: Miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa na ishirini na nane. Hapahapa mkaniambia nisubiri. Nikafika arobaini na moja, wao wakafika arobaini na tano. Mkasema nisubiri. Leo nina arobaini na sita, wenzangu wako sitini.

KAMISHENI: Sasa si ndiyo usubiri! Haba na haba hujaza kibaba.

BWANA POINTI: Kibaba chenyewe kinakua, kaka!

KAMISHENI: Basi jaza kwa ndoo. Mwambie jirani yetu mzee Bokade harusi ya binti yake aifanyie kwenye ukumbi wa hoteli zenu, na jina aandike lako. Sahani mia nane za wageni, pointi zote zako.

BWANA POINTI: Bokade amekubali?

KAMISHENI: Bokade hajui hata kama binti anaolewa. Lakini umri umefika.

PROFESA: Upuuzi mtupu. Dawa ni kwenda Julai, mvua inapomwagika. Maji yanaingia madirisha ya mbele, matajiri wanakimbilia nyuma. Wewe wa nyuma wanakusukumia mbele. Bure!

BWANA POINTI: Julai ni miezi mitano, Profesa. Daktari amesema...

PROFESA: Achana na daktari. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

MIMI: We mzee, hiyo inamwambia awahi!

PROFESA: Inategemea mwana ni wa nani.

KAMISHENI: Au afike mapokezi aseme wanatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Hoteli kubwa zina huruma ya keki. Wakileta keki, aisuse. Aseme, "Mke wangu hali keki bila bahari."

PROFESA: Avae suti, ashike faili, apitishe kidole kwenye mapazia. Mtu anayepitisha kidole kwenye mapazia ni mkaguzi. Meneja mwenyewe atambebea begi.

Mie nikaona nitaachwa nyuma bure, nikatia na langu. Nikamwambia aandikishe ukoo mzima, hadi marehemu baba mkwe, maana kila jina jipya lina pointi za kukaribishwa.

KAMISHENI: Na marehemu atalala chumba kipi?

MIMI: Cha nyuma. Yeye hatalalamika.

Hapo tulicheka mpaka benchi likalia. Vilas hakucheka. Alikuwa anaitazama simu, kidole kinaelea juu ya kitufe kama anayeogopa kuungua. Mwisho wa benchi alikaa fundi bomba mmoja aliyekuja wiki hiyo kutoka Ratnagiri, huko pwani, kutengeneza mabomba ya benki. Alimaliza biskuti yake kwanza.

FUNDI: Samahani wazee wangu, mie mgeni. Hiyo hoteli na bahari, katikati kuna nini?

BWANA POINTI: Barabara.

FUNDI: Pana sana?

BWANA POINTI: Ya kawaida. Ina taa za kuvukia. Ng'ambo kuna ukuta mfupi, watu wanakaa hapo jioni wakila mahindi ya kuchoma.

FUNDI: Wanalipia kukaa?

BWANA POINTI: Bure.

FUNDI: Sasa shida iko wapi?

Kamisheni aligundua ghafla kwamba sukari imebaki chini ya glasi yake, akaanza kuichokoa. Profesa aliagiza chai nyingine, labda wahenga wangekuwemo. Vilas akapiga simu nyumbani. Simu yake imekufa sikio, inasikika kwa spika tu, hivyo tulisikia wote tukipenda tusipende.

BWANA POINTI: Mama Ketaki, chumba cha mbele kimeshindikana tena. Kuna cha nyuma. Kinatazama ukuta.

SUSHAMA: Na bahari iko mbali na hapo?

BWANA POINTI: Hapana. Ni kuvuka barabara tu.

Upande wa pili maji ya bomba yakafungwa.

SUSHAMA: Kuvuka barabara? Yaani miaka mitatu yote hii, Baba Ketaki, tangu nikiwa na macho mawili, tulikuwa tunangoja dirisha?

Vilas akakata simu. Akabonyeza chumba cha nyuma, na kwa mara ya kwanza hakutuuliza tunaonaje.