Mtu wa Ndani

Elieza: Haloo, Makambako hapa, ofisi ya malori. Nani mwenzangu?

Tabea: [mkwaruzo] ...mimi.

Elieza: Mimi nani? Kina mimi wako wengi, bwana. Paza sauti.

Tabea: Tabea. Shikamoo, kaka.

Elieza: Tabea? Marahaba. Kamwene, mdogo wangu. Nani amekufa?

Tabea: Hakuna aliyekufa.

Elieza: Sema kweli. Wewe upige simu? Wewe ambaye barua yako ina mistari mitatu na mmoja ni tarehe?

Tabea: Wote wazima. Niko posta ya Njombe, nimepewa dakika tatu, kwa hiyo usini—

Elieza: Baridi vipi huko?

Tabea: Kaka, usinikatize. Nimeyapanga maneno tangu asubuhi, ukinikatiza yatanipotea.

Elieza: Haya. Nimenyamaza.

Tabea: Siji nyumbani Kitandililo kufundisha.

[Waya unavuma.]

Elieza: Huu waya mbaya. Nimesikia kama umesema huji.

Tabea: Ndivyo nilivyosema. Waambie wazee wasinisubiri. Watafute mwalimu mwingine.

Elieza: Tabea, watu wamekandika darasa. Mzee Yoramu ametoa mbao zake, zile alizoziweka kwa ajili ya jeneza lake. Amesema atazikwa kwa mkeka, watoto wakae kwenye madawati. Mama amefagia nyumba ya mwalimu mara mbili wiki hii na hakuna aliyekaa humo. Sasa niwaambie nini?

Tabea: Waambie nimepimwa.

Elieza: Kifua?

Tabea: Tabia. Hapa chuoni alikuja Bibi mmoja Mwingereza, mtaalamu wa tabia za watu. Sisi tunaomaliza ualimu alitupa karatasi ya maswali arobaini. Ukishajibu inajulikana wewe ni mtu wa nje au mtu wa ndani.

Elieza: Kwa baridi hiyo ya Njombe, nani si mtu wa ndani?

Tabea: [anacheka kidogo] Si hivyo. Mtu wa nje akikaa na watu anapata nguvu. Mtu wa ndani watu wanamchosha, nguvu zake anazipata akiwa peke yake. Mimi nimepata thelathini na saba.

Elieza: Katika arobaini? Umefaulu basi.

Tabea: Si mtihani wa kufaulu. Mkuu wa chuo amezichukua zile karatasi akapanga orodha. Watu wa nje wanakwenda kufundisha. Mimi na mwenzangu mmoja tunabaki hapa, stoo ya vitabu.

Elieza: Kwa karatasi tu? Hebu nisomee swali moja.

Tabea: "Ukialikwa kwenye tafrija, huzungumza na wageni wengi au wachache?"

Elieza: Tafrija ya nani? Sisi tunaalikwa misibani. Msibani ukizungumza na wengi utaambiwa huna adabu. Lingine.

Tabea: "Simu ikilia, hufurahi au husita?"

Elieza: Katika wote mliokuwa mle, nani ana simu kwao?

Tabea: Hakuna. Nilijibu nasita. Na ndivyo ilivyo, nimezunguka hii posta mara tatu kabla ya kuingia. Karatasi haikukosea, kaka.

Elieza: Ngoja— ndiyo, bwana wa swichi, tunaendelea. Usitukatie simu, tuongezee dakika. Endelea, Tabea. Haikukosea vipi?

Tabea: Niliposomewa majibu nililia.

Elieza: Walikusema vibaya?

Tabea: Hapana. Nililia kwa furaha. Yule Bibi alisema watu wa namna hii wako wengi, kila nchi, hata kwao. Si ugonjwa, wala si kiburi. Unakumbuka Mama alivyonipeleka kwa mchungaji niombewe? Unakumbuka shangazi Ema alivyonisema siku ya harusi yake, eti najidai, kumbe nilikuwa nimekaa ghalani kwenye mahindi nikipumzisha kichwa? Miaka yote hiyo nilidhani nimeumbwa nikasahauliwa kitu. Sasa kuna mtu amenikalisha akaniambia, hujasahauliwa kitu.

[Waya unavuma.]

Tabea: Upo?

Elieza: Nipo.

Tabea: Hata lile jina la Bubu nililoitwa utotoni lilikuwa linaniuma, ila nilikuwa—

Elieza: Watoto wana midomo.

Tabea: Ndiyo.

Elieza: Jina likishatoka, nani anajua lilianzia wapi.

Tabea: Najua lilianzia kwa nani, kaka.

[Mkwaruzo.]

Tabea: Tuliachie hapo. Nilikuwa nakwambia kuhusu stoo. Ni chumba kizuri. Kina jiko la kuni na dirisha moja. Vitabu vinakuja kwa makasha, naviandika, navipanga. Hakuna mtu.

Elieza: Unakitaka?

Tabea: Jana nilikitaka sana.

Elieza: Na leo?

Tabea: Leo nimeamka nikawaza Kifanya.

Elieza: Kifanya kulikoni? Ulikwenda mazoezi ya kufundisha, ukaniandikia barua, "Nimefika, nimefundisha, nimerudi."

Tabea: Siku ya kwanza sauti iligoma kabisa. Watoto hamsini na mbili wananitazama. Basi nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: "Mwalimu amepoteza sauti. Nani atamsaidia kuitafuta?" Wanaojua kusoma wakawasomea wasiojua. Darasa likatulia, wakawa wananong'ona tu, kama mimi. Nikafundisha kwa kunong'ona wiki tatu nzima. Mwalimu mkuu akaja mlangoni kuona kama tumetoroka.

Elieza: [anacheka] Hukuniandikia hayo.

Tabea: Kulikuwa na mtoto anaitwa Fidelia. Miaka miwili shuleni hajasema neno, walikwisha kumwekea alama kwamba akili hana. Wiki ya pili akanyanyua mkono, akasoma ukurasa mzima. Polepole, lakini ukurasa mzima. Nilichoka siku ile, kaka. Nilirudi nikalala na viatu. Lakini nilikuwa nimeona kwamba naweza.

Elieza: Karatasi iliuliza hilo?

Tabea: Hapana. Iliniuliza ninachopenda na kinachonichosha. Ninachoweza haikuniuliza.

Elieza: Ukamwambia mkuu wa chuo?

Tabea: Alisoma orodha mbele ya wote akauliza kama kuna mwenye neno. Nikanyamaza.

Elieza: Basi hapo umemthibitishia.

Tabea: Najua.

Elieza: Huyo Bibi bado yupo?

Tabea: Anaondoka leo kwa basi la saa sita.

Elieza: Basi hilo linasimama Makambako nusu saa, nje ya ofisi yangu hapa. Vizuri sana. Nitavaa koti, nitamsubiri kwa adabu, nitamweleza yote, habari ya Kifanya, ya Fidelia, ya mbao za Mzee Yoramu. Wewe nenda kapumzike, mimi nita—

Tabea: Hapana.

Elieza: Kwa nini? Kiingereza ninacho cha kutosha, na—

Tabea: Hapana, kaka. Usinisemee.

Elieza: Nilikuwa nataka kusaidia.

Tabea: Najua. Umenisemea tangu nina miaka minne. Nikiulizwa jina, unajibu wewe. Nikiulizwa kama nimeshiba, unajibu wewe. Hata mchumba alipoleta posa, mshenga alizungumza na wewe mpaka jioni, nikasikia mlangoni kwamba nimekataa.

Elieza: Ulikuwa unamtaka Danieli?

Tabea: Sikuwa namtaka. Lakini nilikuwa nataka kulisema mwenyewe.

Elieza: [anakohoa] Haya.

Tabea: Halafu kuna jambo jingine. Usiniulize maswali mengi. Yule Bibi yuko hapa.

Elieza: Hapo wapi?

Tabea: Hapa posta. Ameingia sasa hivi. Yuko kwenye meza chini ya picha ya Malkia, anaandika telegramu.

Elieza: Mungu amemleta. Nenda.

Tabea: Miguu haitaki.

Elieza: Mpe mkonga wa simu, nita— hapana. Sikusema kitu.

Tabea: Niseme nini kwanza?

Elieza: Sijui, mdogo wangu. Kweli sijui. Useme ulivyoniambia mimi.

Tabea: Usikate.

Elieza: Sikati.

[Mkonga unawekwa mezani. Sauti za watu kwa mbali, muhuri unagongwa.]

Elieza: Tabea? Haloo... Ndiyo, bwana wa swichi. Hapana, usikate, yupo. Ameweka mkonga chini... Ninalipa, ninalipa, ongeza... Anazungumza na mtu... Ndiyo, ni dada yangu... Wewe unasikia chochote upande wako? Kinong'ono? Basi ni yeye.

[Muhuri unagongwa tena. Kwa mbali mwanamke anacheka.]

Elieza: Huyo aliyecheka si wetu.

[Mkonga unainuliwa.]

Tabea: Kaka.

Elieza: Nipo. Amesema nini? Amekasirika? Mbona amecheka?

Tabea: Ngoja nipumue.

Elieza: Pumua.

Tabea: Nilianza vibaya. Nilimwambia Kiswahili, naye Kiswahili chake hakifiki mbali, tukarudi mwanzo kwa Kiingereza. Nikamweleza Kifanya. Akauliza, mbona hukusema siku ile chuoni? Nikamwambia, hukuuliza. Ndipo akacheka.

Elieza: Halafu?

Tabea: Akaacha kucheka. Amesema karatasi yake ni ya mtu kujifahamu, hakujua kama mkuu ameitumia kugawia kazi. Amekasirika, lakini si kwangu. Anamwandikia barua sasa hivi. Ila amesema barua peke yake haitoshi. Niipeleke mwenyewe, nimweleze mkuu kwa mdomo wangu.

Elieza: Na mkuu akikataa?

Tabea: Nitarudi kesho yake nimweleze tena. Naogopa, kaka, lakini hata Kifanya niliogopa, nikafundisha. Waambie wazee wasitafute mwingine.

Elieza: Unakuja?

Tabea: Nakuja. Jumatatu, akinisikia. Akichelewa kunisikia, Alhamisi.

Elieza: Hapo umesema. Basi nikueleze, tumeandaa mapokezi. Kwaya ya usharika, kwaya ya vijana, Linus na ngoma zake, kisha hotuba nne, ya kwanza yangu—

Tabea: Kaka, zifute.

Elieza: Zote? Mambo yote haya?

Tabea: Zote. Hilo nimefundishwa na karatasi, na nitalishika. Nitafundisha mpaka saa nane. Nikitoka darasani nitafunga mlango saa nzima, na mtu asigonge. Si Mama, si shangazi Ema, si wazazi wa watoto. Baada ya saa hiyo waje, nitawapikia chai. Waambie si kiburi, ni namna yangu ya kupumua.

Elieza: Kwaya ya vijana wamejifunza wimbo wenye jina lako.

Tabea: Waimbe kanisani Jumapili, nikiwa nimekaa nyuma.

Elieza: [anacheka] Nitawaambia. Nitawaeleza wote, Mama nitaanza naye... Na mimi je? Jumamosi nikipanda baiskeli nije, nigonge?

Tabea: Wewe gonga. Lakini ukiingia usianze kusema.

Elieza: Nifanye nini sasa?

Tabea: Ukae tu. Tukae wawili, kila mtu na kikombe chake.

Elieza: Hilo sijawahi kulifanya.

Tabea: Utaliweza?

Elieza: Sijui.

Tabea: Jaribu sasa, mpaka dakika zetu ziishe. Nikushukuru kabla hatujakatwa. Msalimie Mama.

Elieza: Salamu zitafika. Kwaheri, Mwalimu. Haya, naanza.

[Kimya. Waya unavuma.]

Elieza: Upo?

Tabea: Nipo.

[Kimya kirefu.]

Elieza: Hapana, bwana wa swichi, usikate, hatujamaliza. Bado tunazungumz—

[Simu inakatika.]